Haki ya Mkono Uliochoka

Maumivu ya mkono yatokanayo na kazi ya kurudiarudia huibua swali la kimaadili kabla hata ya swali la dawa: mtu anayeumizwa na kazi halali avumilie, au ana wajibu wa kupumzika? Makoko, kata ya Manispaa ya Musoma, mkoani Mara, kando ya Ziwa Victoria, swali hilo lina wenyewe. Hapo ipo seminari ya Kikatoliki, na hapo pia wapo watu wanaokula kwa nguvu ya viganja vyao.

Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Taa hukusanya samaki juu ya maji, wavu ukazungushwa, kisha wavuvi wakauvuta kwa mikono. Kamba iliyolowa huteleza, kwa hiyo ngumi hukazwa kuliko inavyohitajika na kifundo cha mkono hupindwa kuelekea mwilini. Misuli mikuu inayokunja vidole haimo kiganjani. Imo kati ya kiwiko na kifundo, nayo huvuta vidole kwa kano ndefu zinazopita kwenye njia nyembamba ya kifundo. Mvuto mzito unaorudiwarudiwa huweza kuacha majeraha madogo mno katika kano hizo. Mwili huyatengeneza mkono ukipumzika, lakini mzigo ukirudi kabla kazi hiyo haijaisha, jeraha hulimbikizana juu ya jeraha. Katika njia hiyohiyo hupita mshipa wa fahamu unaohudumia kidole gumba, cha shahada na cha kati. Ukibanwa, vidole hivyo hufa ganzi, hasa usiku, na mgonjwa huamka akikung'uta mkono. Asubuhi zamu huwa ya wanawake wanaoanika dagaa: kuinama, kutandaza, kugeuza, kuchambua, mkono uleule kwa mwendo uleule mpaka jua likolee.

Ugonjwa huu si wa wavuvi peke yao. Mwaka 1700 tabibu Mwitaliano Bernardino Ramazzini alichapisha kitabu kuhusu maradhi ya wafanyakazi, na katika toleo lake la mwaka 1713 akaongeza habari za makarani walioumwa mikono kwa kuandika. Alitaja sababu tatu: kukaa muda mrefu, mkono kwenda upande mmoja daima, na akili kukazwa kwa hofu ya kukosea. Alisimulia pia habari za karani ambaye mkono wake wa kulia ulilegea, akajifunza kuandika kwa wa kushoto, nao ukaugua vilevile. Habari hiyo yatosha kuonyesha kwamba chanzo hakikuwa udhaifu wa mkono mmoja, bali namna kazi ilivyopangwa.

Hapo ndipo mafundisho ya uvumilivu yanapohitaji kupimwa upya. Katika barua yake ya mwaka 1984 kuhusu mateso, Papa Yohane Paulo wa Pili alifundisha kwamba maumivu ya binadamu yanaweza kuunganishwa na mateso ya Kristo yakapata maana. Fundisho hilo limewafariji wagonjwa wengi na halistahili kubezwa. Hata hivyo, kuyapa maana maumivu yasiyoepukika ni tofauti kabisa na kuyaacha yanayoondoleka. Miaka mitatu kabla, katika waraka wake kuhusu kazi, Papa huyohuyo alishikilia kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, si mtu kwa ajili ya kazi. Anayemwambia mvuvi mwenye ganzi kwamba huo ni msalaba wake, ilhali mtu mmoja zaidi kwenye kamba angempunguzia mzigo, anautumia msalaba vibaya.

Amri ya Sabato inakwenda mbali zaidi. Waadventista wa Sabato, ambao ni wengi mkoani Mara, wanaijua vizuri: katika Kutoka na Kumbukumbu la Torati, pumziko haliamriwi kwa mwenye mali pekee, bali pia kwa mtumwa, mgeni na mnyama wa kazi. Maana yake ni kwamba pumziko si zawadi ya anayemaliza kazi, kwani kazi haiishi. Uislamu nao unafundisha kwamba mwili una haki juu ya mwenyewe, kiasi kwamba hata ibada isizidishwe hadi kuudhulumu. Dagaa wenyewe wana kalenda yao: mbalamwezi ikiwaka taa hupoteza nguvu, na wavuvi wengi hutulia nchi kavu kwa siku kadhaa. Bahati mbaya, siku hizo mara nyingi huishia katika kushona nyavu au kulima, na mkono haupati nafuu.

Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, hukumbukwa kwa kuhimiza kazi. Lakini Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikiri pia kwamba wanawake wa vijijini wakati mwingine walikuwa wakifanya kazi saa 12 au 14 kwa siku, hata Jumapili, huku wanaume wengine wakikaa bure. Tatizo lililotajwa pale lilikuwa mgawanyo wa jasho. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa mapumziko ya saa moja akifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo, na saa 24 za kupumzika kila wiki. Mvuvi anayelipwa kwa mgao, na mwanamke anayeanika dagaa wake mwenyewe, kwa kawaida hawana wa kuwahesabia saa hizo. Kwa hiyo wajibu unamwangukia anayepanga mwendo wa kazi: tajiri wa chombo, nahodha, na mume nyumbani.

Tiba yenyewe haidai mkono ulale kabisa, kwa maana misuli isiyotumika hudhoofika. Inataka mzigo upunguzwe, mapumziko mafupi yarudiwe mara nyingi, watu wabadilishane kazi, kifundo kikae kimenyooka, banzi lifungwe usiku kwa mwenye ganzi, na mazoezi ya kuimarisha yaongezwe polepole maumivu yanapotulia. Dawa za maumivu husaidia siku chache. Zikitumiwa ili mtu aendelee kuvuta kama kawaida, humnyima onyo la mwili wake. Ganzi isiyoondoka, au kidole gumba kinachopoteza nguvu, ni ya kupelekwa hospitali mapema, kwa sababu mshipa wa fahamu uliobanwa muda mrefu huenda usipone tena.