Haiba ya Msimamizi

Kijana mmoja wa darasa letu hapa Tseikuru amepewa usimamizi wa watu kumi na wawili katika kazi ya ujenzi, watu ambao muda si mrefu kabla yake alikuwa akibeba nao karai. Siku ya kwanza alivaa shati lililopigwa pasi, akaikaza sauti, akaacha kula nao chakula cha mchana. Siku ya nne mama mmoja miongoni mwao alichelewa saa moja na nusu. Kijana akamkemea mbele ya wote na kumkata ujira wa nusu siku, na kazi ikaendelea kimya kimya. Jioni alirudi nyumbani akijiona amekuwa mkubwa. Kisha ikamfikia habari kwamba mama yule alikuwa amekesha mtoni kwenye shimo la maji akingoja zamu yake, kwani kiangazi kilikuwa kikali na mchanga wa mto hautoi maji ila kata kwa kata. Ndipo akatujia na swali: je, nimwombe radhi? Na nikimwomba mbele ya watu, si nitakuwa nimeitupa haiba yangu kabla sijaipata?

Tuliligawanyikia swali hili. Wako waliosema kuwa saa ni saa, na aliyeandikwa kazi amefunga ahadi. Wako waliosema amwombe radhi, lakini kwa siri, ili cheo kisivunjike. Wachache tulisema vingine, na tunaomba msomaji atuvumilie tukieleza kwa nini.

Neno haiba limetoka katika Kiarabu, na huko maana yake ni kicho kimwingiacho mtu amwonapo mwingine. Sisi tusemao Kiswahili tumelilainisha, tukatia ndani yake uzuri wa sura na mwenendo, hata aliye na haiba kwetu ni mtu apendezaye kumtazama. Kijana wetu alitaka ile maana ya kwanza pasipo ya pili. Wala si yeye peke yake. Siku hizi watu hulipa fedha wafundishwe namna ya kusimama, kushika mkono na kunyamaza kidogo kabla ya kujibu. Hatusemi kwamba mambo hayo ni upuuzi. Anayeongoza watu walio juu ya jukwaa la ujenzi hana nafasi ya kubembeleza. Amri yake haina budi isikiwe mara moja, ama mtu ataanguka. Sauti iliyo wazi, kufika mapema, kutobadili neno kila saa, vyote hivyo ni haki ya wafanyakazi juu ya mkubwa wao. Tunalouliza ni kitu gani kinachosimama nyuma ya sauti hiyo.

Nchi hii ya Kitui ina mifano yake. Katikati ya karne ya 19 hapakuwa na mfanyabiashara wa Kikamba aliyetajwa kuliko Kivoi wa Mwenda, aliyeongoza misafara ya pembe kwenda Mombasa. Krapf, mmisionari wa Kijerumani, alimzuru mwaka 1849, na alikuwa katika nchi hii alipouona Mlima Kenya. Mwaka 1851 walifuatana kuelekea Mto Tana, wakavamiwa na wanyang'anyi. Wengi wa msafara walitimua mbio, na Kivoi akauawa. Hatumhukumu marehemu, wala hatudai kwamba waliokimbia hawakumpenda, kwani hofu ya mshale haina simile. Lakini twaona kwamba jina kubwa na mali nyingi, vilivyowavuta watu kumfuata njiani, havikutosha kuwaweka kando yake saa ile.

Ulinganishe na habari ya mwaka 1938. Serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwachukulia Wakamba ng'ombe kwa nguvu na kuwauza, ikisema mifugo imezidi na ardhi inaharibika. Machifu walikuwa na cheo, mshahara na askari. Muindi Mbingu hakuwa na hata kimoja cha hivyo, na juu ya hayo maelfu ya watu wa Machakos walimfuata hadi Nairobi, wakakaa huko wiki kadhaa wakitaka gavana awasikilize. Mwishowe alikamatwa akapelekwa Lamu, mbali na watu wake. Lakini mwaka uo huo kuuza ng'ombe kwa kulazimisha kuliachwa. Hakuna aliyeweza kumkata ujira mtu kwa kutomfuata Muindi. Walimfuata kwa kuwa jambo alilolisema lilikuwa jambo lao.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Katika mwethya, yaani kikundi cha kusaidiana kazi, wanakikundi huchagua wenyewe wa kuwaongoza, na mara nyingi huwa ni mama. Tazama mwethya ukijenga ukuta wa kuzuia mchanga katika mto wa msimu, ili maji yakae chini ya mchanga jua lisiyafikie. Anayeongoza huonekana na jiwe mikononi kama wengine. Humkaripia mvivu, tena kwa ukali, na mvivu hukubali, kwa kuwa anayemkaripia anajua uzito wa jiwe lenyewe. Kijana wetu alikuwa na jambo hili mkononi, maana karai alilijua. Akalitupa siku ile alipohama kula.

Imepokewa kwamba Abubakar, alipopewa uongozi mwaka 632, aliwaambia watu wamsaidie akitenda mema na wamnyoshe akikosea. Aliyasema hayo hadharani, mwanzo kabisa wa kazi yake, na haiba yake haikupungua.

Basi sisi wachache tulimwambia: kosa ulilifanya mbele ya watu, na radhi ya chumbani hailifikii. Aliyeaibishwa mbele ya kumi na mmoja hawezi kurudishiwa heshima na mmoja. Ila usiende kwa maneno marefu ya kujionyesha mnyenyekevu, kwani hicho nacho ni kiburi. (Hapa mzee mmoja alituuliza ni nani kati yetu aliyewahi kumwomba radhi mtumishi wake wa nyumbani mbele ya watoto. Tulitazama chini.)

Kijana alikwenda. Daftari la malipo lilikuwa limekwisha fungwa, kwa hiyo fedha ya nusu siku aliitoa mfukoni mwake, akasema mbele ya wote kwamba alikata kabla ya kuuliza. Mama aliipokea, akaifunga katika pindo la leso, asiseme neno, akaenda kuteka kokoto. Baada ya hapo kijana aliwauliza wote ni nani aliye na zamu ya maji usiku, akapanga kazi ya asubuhi kwa hesabu hiyo. Mmoja alimdanganya ili alale; huyo alikatwa ujira, na hakuna aliyenung'unika. Chakula cha mchana sasa anakula nao, ingawa anasema siku mbili za kwanza hapakuwa na aliyezungumza.