Mmoja Anapoongezeka

Sensa ya Watu na Makazi, iliyohesabu waliolala nchini usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022, ilipata watu 61,741,120. Hakuna mchungaji awezaye kuwajua watu wengi kiasi hicho. Namba yenyewe, hata hivyo, tunaweza kuijua vizuri, kwa kuitafutia vigawo kama tulivyofundishwa shule ya msingi.

Inagawanyika kwa 2 mara sita mfululizo. Kisha inagawanyika kwa 5, kwa 7 na kwa 43, na mwisho inabaki 641, ambayo ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Wapo watakaoiona hiyo 7 na kutangaza kwamba Mungu ameficha humo ujumbe kwa taifa letu. Tusiwafuate. Ukihesabu kuanzia moja, kila namba ya saba inagawanyika kwa 7, iwe ya watu au ya marobota ya tumbaku. Wachimbaji wetu wameshauziwa bahati za kutosha na waganga; Kanisa lisiongeze duka lingine.

Kinachotugusa ni kingine. Tuseme usiku ule angezaliwa mtoto mmoja zaidi hapa Ushetu. Hesabu ingekuwa 61,741,121. Kwa macho ni namba ile ile. Lakini igawanye kwa 2, inabaki moja. Kwa 5, inabaki moja. Kwa 7, kwa 43, kwa 641, inabaki moja. Namba mbili zinazofuatana, ziwe kubwa namna gani, hazina kigawo cha shirika isipokuwa 1, kwa sababu kinachozigawa zote mbili lazima kigawe na tofauti yao, na tofauti yao ni moja. Mtoto huyo mmoja angevunja vigawo vyote vya zamani.

Katika Luka 15 kondoo ni 99 na mmoja. 99 ni 3 mara 3 mara 11. 100 ni 2 mara 2 mara 5 mara 5. Hakuna kinachofanana. Hatudai kwamba Bwana alikuwa akifundisha hisabati. Tunasema tu kwamba anayedai "ni mmoja tu, hesabu haibadiliki" hata hesabu yenyewe inamkatalia.

Wala hatuzichukii namba kubwa. Bila sensa, zahanati hazipangwi. Ila namba kubwa haijui nani hayupo. Luther, alipoeleza uumbaji katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, hakuanza na mbingu wala nyota. Alianza na mimi niliyeumbwa.

Mwaka 2015, katika machimbo ya Nyangalata wilayani Kahama, wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Duara linapoporomoka, swali la kwanza ni waliingia wangapi. Pale ambapo vijana wanajulikana kwa majina ya utani tu, na hakuna aliyeandika, waokoaji wakishatoa sita hawajui kama wa saba yumo, na hawajui lini waache kuchimba.

Ndiyo maana, kijana anapokwenda machimboni na kukosa ibada mwaka mzima, tunaona jina lake libaki kwenye daftari la usharika, na mzee wa kanisa wa mtaa wake aendelee kupita kwa mama yake kuuliza yuko machimbo gani, na huko anaitwa nani.