Kununua Tusichokiona

Wahubiri wengi wanaupenda mfano huu, nasi tumeusikia zaidi ya mara moja katika mimbari yetu wenyewe. Mtu anakaa Njombe, anatuma fedha Japani kwa mtu asiyemjua, analipia gari ambalo hajaligusa hata tairi, kisha analala usingizi. Mhubiri huuliza: ikiwa unaweza kumwamini muuza magari wa ng'ambo, mbona Mungu unamwekea mashaka? Washarika hucheka, wengine huitikia amina. Sisi tuliokuwa kwenye kamati ya mali za usharika tulikuwa tukicheka pia. Tangu yatupate yaliyotupata hatucheki sana, na tunaona ni vema tueleze kwa nini.

Gari lenyewe tulilinunua kwa ajili ya mchungaji na wainjilisti, kwa kuwa mitaa yetu iko mbalimbali na njia zake ni za milima. Tulichagua Japani kwa sababu zile zile zinazowafanya Watanzania wengi wachague huko. Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi, kwa hiyo usukani uko kulia. Tena kwao gari jipya hukaguliwa na serikali baada ya miaka 3, na baada ya hapo kila miaka 2, na ukaguzi huo una gharama. Wengi huona afadhali kuliuza gari lingali na nguvu. Tulilipa kwa benki bei iliyojumuisha gari, bima na nauli ya meli hadi bandari ya Dar es Salaam. Kisha tukangoja. Majuma yale ya kungoja yalikuwa marefu, maana fedha zilikuwa sadaka za watu, na baadhi yao walikuwa wametoa magunia ya mahindi. Kila Jumapili mtu alituuliza mlangoni, "Gari limefika wapi?" Tukajibu, "Liko baharini." Wapo waliokwisha kusema kwamba tumeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Gari lilifika. Lilipotolewa bandarini na kufikishwa nyumbani, fundi wetu, kijana wa kwaya, alilala chini yake na kutoka na habari mbili: kuna kutu chini, na ubavu wa kushoto nyuma uliwahi kunyooshwa na kupakwa rangi upya. Tukaghadhibika. Tukaanza kuandika barua kali. Lakini kabla ya kuituma, mmoja wetu akakumbuka kwamba muuzaji alitutumia karatasi ya mnada pamoja na picha, nasi tukaziangalia picha tu, kwa kuwa karatasi ilikuwa ya Kijapani.

Karatasi hiyo tunaijua sasa. Kule magari yanayopitia mnadani hukaguliwa, na mkaguzi huchora kasoro juu ya mchoro wa gari kwa herufi: A ni mkwaruzo, U ni pale palipobonyea, W ni pale palipowahi kutengenezwa, S ni kutu. Tarakimu iliyo karibu na herufi huonyesha ukubwa wa kasoro. Gari lililopata ajali na kutengenezwa huandikiwa R. Kwenye karatasi yetu, nyuma upande wa kushoto, paliandikwa W2. Kutu nayo ilikuwepo, herufi S, imeandikwa na mtu ambaye hatutamjua kamwe na ambaye hakuwa na habari kwamba kuna mahali panaitwa Njombe. Aliinama, akaona, akaandika alichokiona. Barua kali tukaichana.

Hapo ndipo mfano wa mhubiri ulipoanza kutusumbua. Yeye hutaka tuone kwamba imani ni kutoa fedha huku umefumba macho. Lakini aliyefumba macho katika jambo hili alikuwa sisi, na ujinga wetu haukuwa imani. Ushuhuda ulikuwepo, tena wa kweli, nasi hatukuujali kwa sababu rangi ya gari ilitupendeza.

Nabii Yeremia alinunua shamba kule Anathothi wakati Wababeli wameuzingira Yerusalemu na yeye mwenyewe amefungwa katika uwanja wa walinzi. Shamba hilo asingeweza kwenda kulikanyaga. Ukiisoma sura ya 32 utaona jinsi alivyofanya: akapima shekeli 17 za fedha, akaandika hati, akaweka mashahidi watie sahihi, nakala moja ikatiwa muhuri na nyingine ikaachwa wazi, naye Baruku akaagizwa aziweke katika chombo cha udongo zidumu. Hakuna mahali pengine katika Biblia ambapo manunuzi yameelezwa kwa taratibu nyingi hivyo, isipokuwa labda pale Abrahamu alipomnunulia Sara kaburi. Imani ya Yeremia haikudharau karatasi. Alimwamini Mungu kwa siku zijazo, na papo hapo akahakikisha mashahidi wamesaini.

Na Tomaso je? Tumezoea kumlaumu. Lakini fikiri ni nani waliomletea habari. Walikuwa wenzake, watu walioona, ndiyo; ila pia ni watu wale wale waliokimbia siku chache kabla, na mmoja wao alikana mara tatu mbele ya moto wa makaa. Hatusemi Tomaso alifanya vema. Tunasema tu kwamba asiyeona hutegemea neno la aliyeona, na neno hilo huwa na uzito kadiri ya mtu anayelisema. Kwa hiyo katika kila imani ya namna hii wako wawili. Mahubiri yetu humkazia yule asiyeona: aamini, asisite. Yule aliyeona hatumsemi, kana kwamba yeye hana hesabu ya kutoa.

Sisi tulikuja kuwa yule aliyeona.

Miaka sita baadaye usharika uliamua kuliuza gari, ili fedha zisaidie kuezeka kanisa la mtaa mmoja. Picha zikapigwa baada ya gari kuoshwa na kung'arishwa. Wakajitokeza akina mama wa usharika mmoja mkoani Tabora, wenye kikundi cha kuweka akiba. Walitaka gari la kuchukulia mizigo na wagonjwa. Hawakuweza kuja kuliona. Nauli ya kwenda na kurudi ni fedha, na walisema wazi kwamba hawana wasiwasi kwa kuwa ni gari la kanisa. Mama Mwenyekiti wao alimpigia simu mtunza hazina wetu. "Bwana Yesu asifiwe, baba. Tunataka kutuma hela. Gari lina tatizo lolote la kutuambia?"

Mtunza hazina alituangalia sisi tuliokuwa tumeketi pale. Akajibu, "Gari linatembea vizuri, mama."

Na lilikuwa linatembea. Lakini sote mezani tulijua kwamba gia zilikuwa zimeanza kuteleza likipanda mlima mrefu na kupata moto. Huchukua nusu saa kupoa ndipo liendelee. Tulikuwa na maneno ya kujitetea, tena mazuri. Tabora ni tambarare, tulisema, tatizo huenda lisionekane. Bei ilikuwa ya chini. Gari lililotumika ni gari lililotumika, kila mnunuzi anajua. Na kanisa la mtaani lilikuwa linanyeshewa. Hakuna aliyesema uongo, wala hakuna aliyetaja gia.

Fedha zikaingia Jumatatu. Jumatano tukanunua mabati. Dereva wao alikuwa aje Jumamosi.

Alhamisi baada ya mazoezi ya kwaya, yule kijana fundi alitufuata. Hakutukemea, sisi ni wazazi wake. Alisema, "Wazee wangu, yule Mjapani alituandikia mpaka kutu." Akaaga akaenda.

Hatukulala vizuri. Nabii Amosi aliwakaripia waliopunguza kipimo na kuuza makapi pamoja na ngano, nasi siku zote tulifikiri maneno hayo yanawahusu wenye maduka. Jambo lililotuuma zaidi ni kwamba mkaguzi yule hakuwa na sababu ya kutuonea huruma. Sisi na akina mama wale tunamega mkate mmoja. Walilipokea jina la kanisa kama karatasi yao ya ukaguzi, nasi tukawapa karatasi isiyoandikwa kitu.

Ijumaa asubuhi tulipiga simu, tukaiweka ili wote tusikie. Mtunza hazina alieleza kila kitu, hata ile nusu saa ya kupoa. Mama Mwenyekiti alinyamaza muda mrefu, tukasikia kuku upande wake. Kisha akasema, "Asanteni kwa kusema. Ila baba, mngesema Jumapili, kabla hatujatuma." Hatukuwa na jibu. Alisema watalichukua gari kwa kuwa wanalihitaji, na wakakadiria na fundi wao kwamba gia itawagharimu shilingi 1,600,000. Fedha hizo hatukuwa nazo. Zilikuwa zimelala sakafuni kanisani, mabati mapya.

Tunawarudishia shilingi 200,000 kila mwezi, kutoka mifukoni mwetu sisi tuliokuwa mezani siku ile, si kutoka sadaka. Zimebaki awamu mbili. Kila tunapotuma, Mama Mwenyekiti hujibu kwa ujumbe mfupi: zimefika, na gari ni zima.