Kifafa cha Mtoto: Tunamtafuta Nani?

Mtoto akianguka kifafa ibadani, kuna swali ambalo halisemwi kwa sauti lakini utaliona machoni pa watu: hii imetoka kwa kina nani? Mara nyingi macho hayo huishia kwa mama.

Mimi nilisomea biashara, na huko kila hasara lazima iandikwe kwa akaunti fulani. Naona hesabu hiyo tumeileta hadi madhabahuni: mtoto ni mgonjwa, basi kuna deni la ukoo. Wanafunzi wa Yesu waliuliza vivyo hivyo kuhusu yule kipofu wa Yohana 9, naye akakataa kumlaumu yeye wala wazazi wake.

Chukua ugonjwa wa Dravet, uliotajwa mwaka wa 1978 na daktari Mfaransa, Charlotte Dravet. Mtoto huzaliwa sawa kabisa. Kabla afikishe mwaka mmoja anapata degedege refu, mara nyingi akiwa na homa, na huku kwetu tunasema ni malaria ama jicho. Kufikia mwaka wa pili, kuongea na kutembea kunaanza kuchelewa. Mwaka wa 2001 watafiti walipata chanzo: kasoro katika jeni iitwayo SCN1A, inayotengeneza vimilango vya kupitisha sodiamu kwenye seli za ubongo. Zile seli za kutuliza wenzake zinalegea, na ubongo unabaki kama gari bila breki.

Sasa sikieni. Kwa wengi wa watoto hawa, kasoro hiyo haiko kwa mama wala kwa baba. Ni mpya. Kila mtu aliyeketi kanisani, hata mchungaji, alizaliwa na mabadiliko mapya kama 60 ambayo wazazi wake hawana, na mengi hutokea upande wa baba. (Wale wa kuuliza mama alifanya nini, wanyamaze kidogo.) Karibu yote hayana madhara. Kwa mtoto huyu, moja liliangukia pabaya.

Lakini sitaki kumtetea mama kwa hoja hiyo pekee, kwa sababu kuna vifafa vya kurithi kweli. Je, huyo mzazi sasa ndiye tumshike? Kupitisha jeni si tendo, hakuna aliyechagua. Ezekieli 18 inakataa mwana abebeshwe hata dhambi halisi ya babake, sembuse jeni.

Tena lawama ina gharama. Mama akiaibika humficha mtoto, na kliniki haendi. Kabamazepini, dawa ya kifafa ya kawaida sana, huzidisha Dravet, kwa hivyo daktari anahitaji kusikia habari yote, hata ya lile degedege la kwanza. Na dawa ikikatizwa ghafla eti kuonyesha imani, mtoto anaweza kushikwa na kifafa kisichoachilia, akafa.

Anayekuja mbele kuombewa aje na dawa zake. Wahudumu wa mlangoni, mtoto akianguka, mlazeni kwa ubavu, msimtie kijiko mdomoni, tazameni saa. Zikipita dakika 5, gari liende hospitali. Maombi yataendelea likiwa njiani.