Laini kwa Jina la Mjomba

Mfikirie mchuuzi wa usipi, dagaa wa Ziwa Nyasa, pale Liuli, mtu mzima anayeheshimika. Mpwa wake amerudi kutoka kuchuma kahawa Mbinga na hana namba ya NIDA. "Shikamoo mjomba. Nisaidie kidole tu, nisajili laini." Mjomba anaweka kidole. Ni damu yake, angemkataliaje?

Miezi inapita. Dhoruba inazamisha mtumbwi, wavuvi wawili wanafariki. Usiku ule inaingia picha ya bibi kizee kwenye kundi la WhatsApp la kijiji, na chini yake maneno: mchawi ni huyu, mnamwachaje? Kabla ya alfajiri nyumba ya bibi imeteketea. Yeye ameokolewa na jirani. Asubuhi mpwa anafuta picha kwa wote, anaivunja laini na kuitupa, anapanda gari kurudi Mbinga. Anadhani yamekwisha. Lakini wenzake kundini wameshapiga skrinshoti, na namba inasomeka. Polisi wakiiuliza kampuni ya simu, jina linalotoka ni la mjomba.

Kisa hiki ni cha kutunga, ila sheria iliyomo si ya kutunga. Laini zilianza kusajiliwa kwa alama za vidole 2019, na kuanzia Januari 20, 2020 zisizosajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 kinaruhusu ujumbe wa simu uwe ushahidi, lakini kinaitaka mahakama ipime ulivyotengenezwa na kutunzwa, na jinsi mwenye ujumbe alivyotambuliwa. Kwangu hilo la mwisho ndilo zito. Kidole ni cha mjomba, maneno si yake, na huenda akashinda. Lakini ashinde lini? Abdul Nondo, kiongozi wa wanafunzi, alikamatwa Machi 2018 na kushtakiwa Iringa kwa ujumbe wa WhatsApp uliosema yuko hatarini. Aliachiwa huru Novemba. Mchuuzi wa usipi hana mtaji wa kungoja muda wote huo.

Kaskazini mwa ziwa letu, Rungwe, Julai 2024, kijana mchoraji alihukumiwa miaka 2 jela au faini ya shilingi milioni 5 kwa video aliyoirusha TikTok akichoma picha ya Rais. Wananchi walimchangia faini. Hapo hapakuwa na laini ya kuazima: sura ilikuwa yake.

Nisieleweke kwamba nawaombea watu uwezo wa kufuta. Bibi wa Liuli hana shahidi mwingine zaidi ya skrinshoti zile, na walioisambaza picha kwenye makundi mengine wana la kujibu pia. Ninachomwombea mjomba ni kwamba aulizwe yule aliyeandika.

Kwa hiyo leo, kabla jua halijazama, piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta ya mpwa, ya shemeji au usiyoijua, nenda duka la kampuni ya simu wakaifunge, hata kama mwenyewe atanuna.