Baba asiye mgeni

Sala ya Bwana yaanza kwa neno Baba, nasi wa Ngerengere twalitamka upesi, kana kwamba halina uzito. Lakini kwa desturi ya Waluguru, na ya majirani zetu Wakwere na Wakutu, mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Likija shauri la shamba au la urithi, mjomba ndiye aulizwaye. Baba hupendwa, naam, walakini katika ukoo wa wanawe yeye ni mgeni. Basi wako wamwombao Mungu kwa haya, kama watu wamsemeshao mgeni. Na jambo likiwa kubwa hulipeleka kwa mpiga ramli.

Hatuitukani desturi ya wazee. Mjomba mwema amekuwa kinga ya yatima wengi. Ila Baba tuliyepewa na Kristo si wa namna hiyo. Nabii Isaya, katika sura ya 49, amfananisha na mama anyonyeshaye, tena amweka juu ya mama, kwa kuwa mama aweza kusahau. Naye Paulo awaambia Warumi, sura ya 8, ya kwamba tumefanywa wana na warithi. Hapo ukoo wetu ni wake yeye. Kwa hiyo Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, atufundisha kumwomba pasipo hofu.

Wewe mama, ambaye mtoto wako ana homa usiku huu, usingoje kikao cha ukoo. Mpeleke kwa daktari, na njiani mwambie Baba yako yote, hata uchungu ulio nao juu yake.