Tununue Timu?

Kila msimu wa Ligi Kuu unapokaribia, kwenye banda umiza letu hapa Mpanda hurudi hoja ileile: tutafute tajiri atununulie timu. Mkoa wa Katavi ulizaliwa mwaka 2012, na Ligi Kuu bado tunaitazama kwa kiingilio cha banda. Zamani niliiunga mkono hoja hiyo kwa sauti. Siku hizi nasita, na sababu ni Ihefu.

Ihefu ilikuwa timu ya Mbarali, kwenye mashamba ya mpunga. Tarehe 29 Novemba 2022, pale Highland Estates, Ubaruku, iliifunga Yanga 2-1 na kukatisha mbio za mechi 49 za ligi bila kupoteza. Nilishangilia kana kwamba wamefunga watoto wa Makanyagio. Kama Ubaruku wameweza, kwa nini sisi tushindwe?

Mwaka 2024 timu ilikuwa Singida, ikabatizwa Singida Black Stars. Nafasi kwenye ligi ikahama nayo.

Simlaumu mwenye mali. Timu inakula mishahara, nauli na kambi, na viingilio vya mji mdogo havitoshi. Anayemkataza kuuza aseme nani atalipa. Hata Marekani, kuanzia msimu wa 2021, ligi kuu ya besiboli ilipunguza timu za madaraja ya chini zilizo chini yake kutoka 160 hadi 120, na miji midogo ikapoteza timu ilizozilea.

Lakini yule aliyefunga duka mapema ili awahi mechi naye alichangia. Hana hisa, ila bila yeye timu ni watu 11 wanaokimbiza mpira. Alichotoa hakihamishiki kwa basi, na mnunuzi hawezi kukilipia.

Kwa hiyo timu tutakayonunua itakuwa imetoka kwa mtu kama mimi. Njia nyingine ni ndefu: ubingwa wa mkoa, Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, First League, Championship, ndipo Ligi Kuu. Inaanzia kwenye vumbi la uwanja wa Azimio, ambako wengi wetu hatuendi.

Juzi jamaa akaniuliza, "Sasa tusubiri mpaka lini?" Sikuwa na jibu. Nilimuuliza mara ya mwisho alikwenda lini Azimio. Tukacheka wote wawili, kwa sababu hata mimi sikukumbuka. Jumamosi tumekubaliana kwenda.